Chura wa Saba

Ritah alikamata vyura sita. Kwenye daftari la Kaltumu walikuwa saba.

"Dada, huyu wa mwisho ulimutoa wapi?" Ritah aliuliza, taa ya kichwani ikimulika ukurasa. "Milimita makumi tatu na mbili. Mi sikusema hivyo."

Kaltumu alitazama mwandiko wake mwenyewe. Alikuwa amesikia, akaandika. Hivyo ndivyo kazi yao ya kuhesabu vyura ilivyo katika msitu wa juu ya Kanama: mmoja anaingia kijitoni, anakamata chura, anampima na kuita kipimo, mwenzake wa ukingoni anaandika na kujibu, "Nimeandika." Bila jibu hilo chura haachiliwi.

"Nilisikia Ngoga. Sikumujibu," alinong'ona.

"Yesu! Ngoga alikufa, dada."

Alikufa hapo hapo, mvua za mwaka jana. Yeye na Kaltumu, mume na mke, walikuwa wamenuniana tangu asubuhi kwa jambo la upuuzi. Ngoga akaita kipimo kutoka majini. Kaltumu akaandika lakini akanyamaza, kwa kisirani tu. Ngoga akaita tena. Alikuwa bado amesimama, chura kiganjani, akingoja jibu, mafuriko ya mlimani yaliposhuka yakamzoa. Kaltumu hakumwambia mtu habari hiyo, hata mama yake.

Kesho yake alimweleza shehe wa mtaani kwao Gisenyi habari ya ile sauti tu. Shehe akatikisa kichwa. "Ile ni jini, mutoto yangu. Imebeba sauti ya bwana yako. Ikiita usiku tatu, usijibu. Ukijibu, itakaa na we mpaka kaburini."

Usiku wa kwanza alinyamaza. Wa pili aliuma kitambaa cha kichwani. Wa tatu vyura wote walikoma kulia kwa pamoja, ikaja harufu ya koti la mvua la Ngoga, na matone yakasikika yakidondoka karibu, na karibu zaidi, hadi kwenye jiwe alilokalia, ingawa mvua haikunyesha na taa ya Ritah haikuonyesha kitu ila majani, na sauti ikaita kipimo kile kile, ikangoja, ikaita tena, sasa ikitetemeka.

"Makumi tatu na mbili... Kaltumu, mikono yangu iko baridi. Nimuachilie?"

"Usijibu!" Ritah alinong'ona akilia. "Nakuomba, dada, usijibu!"

Lakini angemnyamazia mara ngapi?

"Nimeandika," Kaltumu alisema. "Nimeandika tangu siku ile, bwana yangu. Unisamehe. Muachilie."

Kitu kidogo kilitumbukia majini. Vyura wakaanza kulia tena.

Alimngoja jini aliyeahidiwa. Alilala mlango wazi, akimtamani hata huyo, kwa kuwa angalau angekuja na sauti ile. Hakuja. Siku hizi Ritah ndiye anayeandika, na kazi ikiisha Kaltumu humwomba atangulie barabarani. Kisha huzima taa, husimama kijitoni mikono mitupu, huita makumi tatu na mbili, na kungoja mpaka miguu ife ganzi. Hajajibiwa bado.