Kichuguu cha Njia Panda

Rafiki yangu Mwanaheri wa Kasulu si mwoga wala si mwongo, na anayetaka kubisha akabishane naye mwenyewe dukani kwake.

Mwaka 2014 alikuwa akiuza vitenge kupitia Facebook. Hakupenda kuchati bure. Ukimwandikia inboksi, anakuomba namba na saa ya kukupigia, maana kwenye simu ndipo mtu anaponunua. Mteja mmoja wa kijiji cha Kitanga akamjibu: "Dada, nipigie jioni. Nitapanda kichuguu cha njia panda, huku kwetu mtandao unapatikana hapo tu."

Jioni akapiga. Simu ikapokelewa, akasikia upepo tu. Kesho yake ikawa vilevile, kisha ujumbe ukaingia: "Mbona husemi, dada?"

Wenzake wakamwambia aachane na namba hiyo.

"Nimwache mteja kwa sababu ya upepo?" akasema. Akafunga vitenge, akachukua bodaboda.

Kichuguuni hapakuwa na mtu. Giza lilikuwa linaingia, na dereva hakutaka kuzima pikipiki. Mwanaheri akamwambia aizime, akapanda hadi juu, akapiga.

Simu ikaita chini ya miguu yake, ndani ya udongo.

Dereva akatimua mbio, pikipiki akaiacha. Mwanaheri akasubiri mpaka ikapokelewa.

"Nimekuja na mzigo," akasema. "Kama unanunua, toka."

Upepo ukakoma. Mle simuni, na mle kichuguuni, akasikia mtu akihema, kama anayepanda.