Spika Iliyojaribiwa Mara ya Pili

Mtu mzima alikuwa ameinamia pipa la maji, kichwa na mabega vimezama ndani, miguu inaning'inia nje. Ndala moja ilikuwa bado imeng'ang'ania kidoleni.

Inspekta alisimama kwenye uwanja wa nyuma ya nyumba, mikono kiunoni, akitazama bila kugusa chochote. Alikuwa mtu wa maneno machache na hasira za karibu, na asubuhi hiyo hata chai alikuwa hajaionja.

"Nani huyu?"

"Sikio, afande," Koplo alijibu. "Yule jamaa wa kwenye simu anayejaribu spika. Anazidondosha kutoka juu ya paa, anazizamisha majini, anazifukia mchangani, halafu anawaambia watu ipi wanunue na ipi takataka. Hata mimi nilinunua moja kwa maneno yake."

"Ikoje?"

"Mke wangu kaificha."

Daktari wa polisi alisaidia kumtoa marehemu majini, akamlaza kifudifudi na kupapasa kisogo chake.

"Kagongwa kwanza," alisema. "Ila pigo halikumuua. Alikuwa bado anapumua alipoingia majini. Na tazama ngozi hapa, ina vitundu vitundu. Kilichompiga kina wavu wa chuma."

Inspekta aligeuza macho kwenye ukuta mfupi wa uani. Juu yake palikuwa na spika ya kubebeka, ukubwa wa mkate, pembe zimevikwa mpira mzito na uso wake ni wavu wa chuma. Daktari aliisugua kwa pamba yenye dawa, pamba ikabadilika rangi. Damu ilikuwa imefutwa, lakini haikufutika yote.

Kilichomsumbua Inspekta hakikuwa damu. Uwanja mzima ulikuwa chapachapa, ila spika ilikuwa kavu. Ilikuwa imelazwa uso chini, kwa mshazari, juu ya kitambaa kilichokunjwa vizuri, ili maji yaliyobaki nyuma ya wavu yachuruzike yenyewe. Hata kile kifuniko kidogo cha mpira kinachoziba tundu la kuchajia kilikuwa kimebonyezwa pande zote kikakaa sawasawa.

"Sasa mtu anaua, halafu anakaa kukausha spika?" Koplo aliuliza.

"Mkono umefanya wenyewe," Inspekta alisema. "Huyu kazi hii ameizoea."

Mkuu wa kituo hakuwa na muda wa vitambaa vilivyokunjwa. Kufikia adhuhuri alikuwa ameshamweka ndani shemeji wa marehemu, mdogo wa mke wake, kwa sababu majirani walisikia wakigombana asubuhi. Inspekta alimkuta mahabusu, macho mekundu.

"Mligombana?"

"Tuligombana."

"Kisa?"

"Pikipiki yake. Niliirudisha taa imevunjika."

"Ukampiga?"

"Nilimtukana, nikaondoka na hasira zangu. Kwa geti la mbele. Mama wa cherehani pale ng'ambo aliniona."

"Ulimwacha na nani?"

"Kuna mtu alikuwa anabisha mlango wa uani. Sikugeuka kumtazama." Kijana alifuta pua kwa mkono. "Ningegeuka tu, afande."

Mkuu wa kituo alicheka aliposikia hayo. "Mtu asiyeonekana amebisha mlango. Hadithi za watuhumiwa. Kesho anapandishwa kizimbani kwa mauaji. Kama una kingine, niletee leo."

Nje ya ofisi mjane alikuwa amekaa kwenye benchi. Hakuwa analia. Alikuwa ametoka kwa mama yake mgonjwa, akafika nyumbani akakuta polisi wamejaa uani.

"Kaka, mume nimeshampoteza," alimwambia Inspekta. "Mkiniondolea na mdogo wangu, mmenimaliza. Yule mtoto hawezi kuua hata mende."

"Na wewe unataka nini, shemeji?" Inspekta alimwita hivyo kwa heshima.

"Namtaka aliyefanya. Nimtazame machoni. Hayo tu."

Alisema kwa sauti ndogo, lakini Inspekta alimwamini. Alikuwa amekutana na wengi waliotaka haki. Huyu alitaka zaidi.

Wakaenda kwa mama wa cherehani, jirani wa upande wa pili wa barabara, ambaye hufanya kazi barazani na hapitwi na jambo.

"Muziki wa Sikio tumeuzoea," alisema bila kuacha kushona. "Usipopiga ndiyo tunauliza kama anaumwa."

"Leo ulianza lini?"

"Shemeji yake alipokwisha kutoka. Alipita hapa amevimba, hata salamu hakutoa. Kitambo kidogo ndipo muziki ukaanza."

"Ukaishaje?"

"Ulikufa kwa taabu. Ukakatika, ukarudi, ukakatika tena, ukarudi kidogo, kama mtu mwenye kwikwi. Nikasema leo jirani yangu kaletewa kimeo."

Mkuu wa kituo, alipopigiwa simu, alikuwa na jibu tayari. Marehemu alikuwa akipiga muziki kwa simu yake mwenyewe, na simu hiyo ilikutwa kwenye mfuko wa kifuani wa shati lake imelowa. Imeingia maji, muziki umekufa. Basi.

"Simu ikizama inanyamaza," Inspekta alisema. "Haipati kwikwi."

Alirudi kwenye uwanja ule na Koplo. Akavaa glavu, akaiweka spika juu ya ukuta na kumtaka Koplo aiunganishe na simu yake kwa bluetooth. Wimbo ukafunguka, besi ikatikisa bati la choo. Inspekta hakupenda makelele, lakini alikiri moyoni kwamba sauti ilikuwa safi, nzito chini na haikwaruzi juu. Spika imemgonga mtu, imezama, na bado inaimba.

"Toka nayo simu kwa geti la mbele."

Koplo alitoka. Alipopita tu nyuma ya ukuta wa zege, wimbo ulikatika mara moja.

"Sasa toka kwa mlango wa uani. Tembea mpaka nikuite."

Nyuma ya nyumba palikuwa na uwanda mtupu, hauna hata kichaka. Koplo alitembea, wimbo ukamfuata. Alitembea tena mpaka akawa mdogo, na ndipo sauti ikaanza kukatika na kurudi, kukatika na kurudi, kisha ikazimika.

Mama wa cherehani alikuwa amesimama barazani kwake, sindano mdomoni. "Hivyo hivyo," alisema kwa mbali. "Ndivyo ilivyokuwa."

Basi shemeji aliyepita mbele alikuwa hana lake. Muuaji alikuwa na simu iliyokuwa ikiiimbisha spika, akatoka nayo kwa nyuma, akavuka uwanda kwa hatua za mtu anayetoka sokoni. Wala hakukimbia; angekimbia, muziki ungekatika mara moja bila zile kwikwi ndefu. Hilo lilimchukiza Inspekta kuliko pigo lenyewe.

Alimwita mjane, akamwonyesha spika. Mwanamke alirudi nyuma hatua moja.

"Hii imetoka wapi? Hizi mume wangu aliziponda mwaka juzi. Mimi ndiye nilikuwa namshikia kamera. Ziliundwa humu humu mjini, kwenye karakana ya kijana mmoja."

"Aliziponda vipi?"

"Alizamisha moja, ikaingia maji. Akasema haifai, msinunue. Hakueleza zaidi. Maduka yakarudisha mzigo wote, karakana ikafungwa. Yule kijana akaenda kupasua mawe machimboni, kifusi kikamfukia."

"Aliacha nani?"

"Dada yake. Ndiye aliyemlea, na kazi walifanya pamoja."

Akamtazama Inspekta, na wote wawili wakawa wameelewa.

Karakana ilikuwa ng'ambo ya ule uwanda, katika safu ya vibanda vya mafundi. Mlango wa chuma ulikuwa na kufuli lenye kutu. Kwenye kibaraza chake alikaa mwanamke wa makamo, mnene wa mabega, akibandika soli ya kiatu. Mtaa mzima ulimwita Da Gundi. Simu yake ilikuwa ikiimba polepole ndani ya mfuko wa aproni.

"Karibu, kaka. Kiatu?"

"Spika," Inspekta alisema.

Aliitoa kwenye mfuko wa vielelezo, akaiweka mezani kati ya makopo ya gundi na kubonyeza kitufe. Spika ikalia mlio mfupi. Simu ndani ya aproni ikanyamaza katikati ya neno, na wimbo ule ule ukaendelea kutoka kwenye spika, mkubwa, ukajaza kibaraza chote. Mafundi wa jirani wakageuka.

Da Gundi aliweka kiatu chini. Akaisikiliza spika mpaka ubeti ulipokwisha, kisha akaizima mwenyewe kwa kidole.

"Besi yake umeisikia?" aliuliza.

"Nimeisikia."

"Basi twende."

Kituoni Inspekta alimpa onyo la kisheria, akamwambia hana lazima ya kusema. Mwanamke alisema. Ilionekana alikuwa amengoja mtu wa kumsimulia.

"Uliingiaje?"

"Nilibisha. Nikamwambia nimeitengeneza upya, naomba aijaribu tena. Akanikaribisha."

"Hakukufahamu?"

"Alinifahamu. Akanipa pole ya mdogo wangu." Midomo yake ilipinda. "Pole."

"Kisha?"

"Akasema nipige muziki kwa simu yangu. Akaidondosha kutoka ukutani mara kadhaa, akaizamisha, akainamisha sikio kwenye maji. Ikawa inaimba tu. Akaitoa, akanikabidhi, akasema, hii sasa ni nzuri, dada. Hii nitawaambia watu wainunue."

Koplo aliyekuwa akiandika maelezo aliacha kuandika. "Alisema hivyo na bado ukampiga?"

"Ndiyo maana nilimpiga. Alikuwa wapi kuyasema hayo mdogo wangu akiwa hai? Nilimwosha yule mtoto tangu hajui kukaa. Nilimtoa chini ya mawe kwa mikono hii, sikumtambua kwa sura, nilimtambua kwa mkanda." Aliinama mbele. "Sikio aliwatangazia watu kwamba spika yetu haifai, yeye anayezipima kwa kishindo na maji. Leo akainama kunawa mikono pipani. Nikampa kishindo, nikampa na maji. Vyote viwili aliviona mwenyewe, na spika haikunyamaza."

"Kwa nini uliiacha?"

"Niliitaka iimbe juu yake."

"Na kuifuta?"

Alishangaa kidogo, akatazama vidole vyake. "Niliifuta? Basi ni mazoea. Kila iliyotoka kwenye maji ya majaribio tuliifuta, tukailaza, tukabonyeza kifuniko."

"Una majuto?"

"Sina. Yule mtu alidanganya. Niliangalia ile video mpaka simu ikapata moto. Kabla hajaizamisha, kidole gumba chake kinapita kwenye kifuniko. Alikifungua, afande. Alikifungua makusudi maji yaingie, atuue."

Akatia sahihi.

Shemeji aliachiwa jioni hiyo. Dada yake, yule mjane, alikuja kumchukua, akamkumbatia kwenye korido, akamsukuma taratibu pembeni. Da Gundi alikuwa akipitishwa kwenda mahabusu.

"Huyu?" mjane aliuliza.

"Ndiye," Inspekta alisema.

Angeweza kumzuia. Kanuni zilimtaka amzuie. Lakini alikumbuka ule mwendo wa taratibu kwenye uwanda, akaegemea ukuta.

"Koplo kaniambia umesema mume wangu alikifungua kifuniko," mjane alisema.

"Nilikiona kidole."

"Mimi nilikuwa nimeshika kamera. Kidole kilikuwa kinabonyeza. Alibonyeza pande zote, akarudia mara ya pili. Maji yaliingia hivyo hivyo, kwa sababu ukanda wa mpira wa ndani ulibandikwa vibaya." Alimsogelea. "Nani alikuwa anabandika?"

Da Gundi alikunja vidole. Gundi kavu ilikuwa bado imemganda kwenye kucha.

"Mume wangu alimpigia mdogo wako kabla hajasema lolote hadharani. Alitaka kuwaeleza watu kosa ni ukanda tu, spika nyingine yote ni kazi safi. Mdogo wako akamkatalia."

"Muongo wewe."

Mjane alitoa simu kwenye mkoba. "Sauti hii mdogo wako aliituma kwenye simu ya kazi, ambayo nilikuwa naishika mimi. Sikuifuta."

Akabonyeza. Sauti ya kijana ikatoka, yenye haraka kidogo na aibu nyingi. "Kaka Sikio, nakuomba. Sema haifai, inatosha. Ukitaja ukanda, watajua ni dada. Yeye ndiye amenilea, macho yake siku hizi hayaoni vitu vya karibu, na mimi sijui nimwambieje. Wacha nionekane mimi ndiye fundi mbovu. Tafadhali, kaka."

 Da Gundi alikuwa ameinua mikono yenye pingu mpaka karibu na ile simu, kama anataka kuishika. Uso wake, uliokuwa mkavu mchana kutwa, ulikuwa umelowa mpaka kidevuni.

"Irudie," alisema. "Mama, nakuomba. Mara moja tu. Sijaisikia sauti yake tangu wamzike."

Mjane alimtazama machoni kwa muda mrefu. Kisha akaizima simu, akaitia mkobani, akafunga zipu.

"Hapana," alisema.

Akamshika mdogo wake mkono, wakatoka.