Chipu Ndani ya Pamba

Saa 2:10 asubuhi, Jumanne.

Chumba cha nyuma kilikuwa nyuma ya mashine ya kusaga, mtaa mmoja kutoka soko la Bariadi. Mashine ikiunguruma, hata ukitukanwa husikii. Ndiyo maana Januarius alikipenda.

Walikuwa wanne, na wote walikuwa wameshakuwa weupe kwa unga. Januarius, mwenye mchongo, alikaa kwenye gunia la pumba, mguu wa kuku, bastola yake, ukiwa kiunoni. Dastan, dereva wa guta la magurudumu matatu, alikuwa amesimama mlangoni. Milembe, fundi simu, alikuwa ameshika daftari. Wa nne alikuwa Mwandu, mdogo wake Milembe, kafungwa mikono kwa kamba ya katani, na bado anacheka.

"Dada, usininunie," alisema. "Niliwaambia tu kwamba wewe ni fundi kuliko Wahindi wa Mwanza. Ni sifa hiyo."

"Sifa yako imetufikisha hapa," Milembe alimjibu. "Funga mdomo, la sivyo nitawaambia waufunge wao."

Januarius aligonga daftari. "Fundi, eleza."

Milembe alieleza. Mizani za kidijitali za kununulia pamba zina ubongo, chipu moja ndogo kuliko ukucha. Mtengenezaji wa hizo chipu ni mmoja, yuko ng'ambo, lakini chipu zake zina koo, kama watu. Ukoo wa juu ni prosesa, hizo ziko kwenye kompyuta. Chini yake kuna kontrola, nazo zina koo tatu: wakubwa wanakaa kwenye magari, wa kati kwenye mita za umeme, wadogo kwenye rimoti na mizani. Zote nyeusi. Zote zina miguu pembeni. Ukikosea ukoo, mizani haiwaki.

"Kama kuoa," Dastan alisema. "Ukikosea ukoo, hulali."

Ni Mwandu peke yake aliyecheka.

Mpango wa Januarius ulikuwa mfupi. Chipu elfu mbili za akiba zilikuwa kwenye stoo ya mkandarasi anayetengeneza mizani. Milembe angezipakia programu mpya, kisha vijana wa Januarius wangezipachika kwenye mizani za wanunuzi. Mizani ingemmezea mkulima kilo saba katika kila mia, msimu mzima, bila kukohoa. Baba yake Milembe analima pamba Sapiwi. Januarius alilijua hilo.

"Zina masharti?" Januarius aliuliza.

"Moja. Zinakuja kwenye mifuko ya rangi ya fedha. Mfuko usifunguliwe mpaka ziko mezani kwangu. Umeme wa msuguano unaziua."

Januarius aliinuka, akamshika Mwandu begani kama mjomba. "Huyu nakaa naye bandani kwangu, Lagangabilili. Chipu zikifika nzima, anaondoka mzima. Zikifika zimekufa..."

Hakumalizia. Mashine ilimmalizia.

Saa 6:25 mchana.

Siku hiyo wakaguzi wa vipimo walikuwa uani kwa mkandarasi, wanagonga mihuri kwenye mizani kabla ya ununuzi kufunguliwa. Wafanyakazi wote walikuwa huko, wanabeba mawe ya kupimia na kutokwa jasho. Stoo ilibaki na mtu mmoja, mama aitwaye Yusta, aliyekuwa anakula ugali na dagaa kwenye bakuli.

Dastan aliingia na mizani mbovu begani kama kuli yeyote. Milembe nyuma yake.

"Mwadila, mama," Dastan alisalimia.

"Mwadila. Wekeni hapo, nanawa."

Aliponyanyua macho akaona bastola ya Januarius mkononi mwa Dastan. Tonge lilimponyoka. Milembe hakumtazama usoni. Alipita kwenye rafu, akasoma lebo moja baada ya nyingine. Wakubwa. Wa kati. Wa kati tena. Wadogo. Mifuko minne, mia tano kila mmoja.

"Binti," Yusta alisema kwa sauti ya chini, "wewe si ndiye uliyenitengenezea simu?"

Milembe aliikumbatia mifuko yote minne. Dastan alimfunga Yusta mikono, akamziba mdomo kwa kitambaa, akafunga mlango kwa nje. Dakika nne. Uani walikuwa bado wanagonga mihuri.

Saa 6:50 mchana.

Guta lilisimama nyuma ya kichaka, nje kidogo ya mji. Lilikuwa na viroba sita vya pamba, na kila mtu barabarani siku hizo alikuwa na viroba vya pamba. Hapo ndipo Dastan alipochana mfuko wa kwanza wa fedha kwa meno.

"Wewe! Nimesema nini?"

"Umesema mengi. Sasa nisikilize na mimi." Alikuwa tayari anamimina chipu kwenye vifuko vya nailoni vya barafu. "Mbele kuna kizuizi. Wanachoma viroba kwa nondo, wanatafuta mchanga. Watu wameshazoea kuongeza kilo kwa mchanga. Nondo ikigusa mfuko mgumu, unalia kwa-kwa-kwa. Kifuko laini ndani ya pamba, nondo inapita pembeni. Nimevusha bangi hivi miaka mitatu."

"Chipu si bangi, Dastan! Nailoni, pamba kavu, Julai hii. Shika kiroba hicho uone."

Alikishika. Nywele za mkono wake zilisimama wima. Akazitazama, akacheka.

"Umeme gani huu? Hata balbu hauwashi."

"Mwandu atakufa."

"Tukikamatwa hatakufa?"

Dastan alichana wa pili, akachana wa tatu. Wa nne Milembe alimpokonya, akausukuma chini ya blauzi, akafunga kitenge juu yake kwa nguvu.

Kizuizini afande alichoma viroba vyote sita. Nondo iliingia ikatoka, laini, kama Dastan alivyosema. Kisha akamtazama Milembe tumboni.

"Hongera, mama. Miezi mingapi?"

"Saba, afande."

"Mwendeshe polepole huyu," afande alimwambia Dastan.

Saa 8:30 mchana.

Banda lilikuwa shambani, mbele ya Lagangabilili. Meza, kompyuta ndogo, betri ya sola. Mwandu alikuwa kona, jicho moja limevimba. Januarius alikuwa nje kwenye simu.

Milembe alichukua chipu moja kutoka kifuko cha nailoni, akaibana kwenye kifaa chake cha kupimia. Kioo cha kompyuta kilisubiri. Hakuna kitu. Akachukua ya pili. Kimya. Ya tatu, kimya.

Dastan alikuwa nyuma yake. Aliona zote tatu.

"Zote?" alinong'ona.

"Nyingi."

Hatua za Januarius zikasikika. Milembe aliingiza mkono chini ya blauzi, akapasua mfuko wa fedha kwa kucha, akachomoa chipu chache na kuzificha katikati ya vidole.

"Nionyeshe," Januarius alisema. Akachagua mwenyewe chipu moja kutoka kifuko cha nailoni, akaiweka kiganjani mwa Milembe.

Vidole vya fundi simu vimezoea skrubu zisizoonekana. Kilichoingia kwenye kifaa si kile alichokiweka Januarius kiganjani. Kioo kikawa kijani: chipu imeitika. Januarius akachagua ya pili kutoka kifuko kingine. Kijani. Ya tatu. Kijani.

"Wabeja sana, fundi, asante." Akacheka kwa mara ya kwanza. "Mfungue kijana."

Dastan alikohoa. Alikuwa ameviona vidole vile. Milembe alimgeukia, na macho yake yalimwomba kitu kimoja tu: anyamaze.

"Bosi," Dastan alisema, huku akitazama chini. "Ya nini kuzisafirisha tena? Fundi abaki, azipakie programu zote hapa hapa. Mimi nimrudishe kijana."

"Umesema neno."

Kwa hiyo Dastan hakumchoma kwa bosi. Alimwacha tu mezani na chipu elfu moja na mia tano zilizouawa na mikono yake mwenyewe, akaenda kuwasha guta.

Mwandu alijinyoosha, akasugua mikono. "Dada, unaona? Si nilisema wewe ni noma? Na wewe unakuja lini?"

"Kesho." Kisha akamwambia kwa Kisukuma, taratibu, asilale Bariadi, asilale Sapiwi, apande gari la kwanza la Mwanza na asirudi.

Kicheko cha Mwandu kilikatika. "Dada..."

"Nenda, mdogo wangu. Unanicheleweshea kazi."

Saa 10:05 jioni.

Milembe alianza na zile mia tano za mfuko wa fedha, moja moja, bila haraka. Januarius alikaa kwenye stuli, anatafuna karanga na kuhesabu taa za kijani. Milembe hakuhesabu taa. Alihesabu barabara. Sasa kizuizini. Sasa Bariadi stendi. Sasa konda anaita abiria wa Mwanza, na yule mjinga anapanda, Mungu amjalie apande.

Zilipoisha mia tano, jua lilikuwa linazama nyuma ya mashamba. Programu aliyozipakia haikuiba hata gramu; huko Sapiwi, mizani ya mwaka huu ingemsomea baba yake kilo zake zote. Hilo angalau.

Alivuta kifuko cha kwanza cha nailoni. Akabana chipu. Kimya. Akaitoa, akabana nyingine.

Januarius aliacha kutafuna.

"Imekuwaje, fundi?"

"Hii mbovu. Hutokea."

"Na hiyo?"

"Na hii."

Aliweka karanga chini, akavuta stuli hadi mezani, akachagua chipu mwenyewe. Safari hii hakuiweka kiganjani mwa Milembe. Aliibana mwenyewe, na kioo hakikuwaka.

Milembe alitazama mlangoni. Barabara ilikuwa tupu, vumbi la guta lililombeba Mwandu lilishatulia zamani.