Doa Jekundu Ndani ya Ampli

Jumapili baada ya misa, Déborah alimkuta mumewe, fundi Hénoch Mwanza, amelala kifudifudi juu ya meza ya karakana yake, mtaa wa reli, Kamina. Mikono yote miwili ilikuwa ndani ya ampli kuukuu, mashine ya kukuza sauti, ile ya taa za kioo. Ampli haikuchomekwa popote, na umeme wa mji ulikuwa umekatika tangu Ijumaa.

Ndugu wa marehemu hawakuhangaika kutafuta jibu. Umeme usiokuwapo hauui, basi ni ulozi, na mlozi ni mke. Watu wakishaitamani nyumba hawakosi sababu! Déborah akaambiwa kwamba baada ya maziko aondoke na watoto wake, mikono mitupu.

Inspekta Mathilde Kalunga alikagua maiti: vidole viwili vya kila mkono vilikuwa vimeungua. Taa nne za ampli zilikuwa zimeng'olewa na kupangwa kando. Ndani, kipande kimoja kidogo kilipakwa rangi nyekundu ya kucha.

"Hii rangi iko ya nani?"

"Iko yangu, Maman Inspecteur," Déborah alijibu. "Chupa inakaaka ku meza yake ya kazi. Bwana yangu alikuwa anaweka rezistansi ya kumaliza courant, umeme yenye kubakia, mu kila ampli, anaipaka rouge. Akiona rouge, anaingiza mikono bila woga."

"Munasikia?" alifoka Umba, mdogo wa marehemu, fundi mwenzake. "Njo yeye!"

Inspekta aliikwaruza rangi. Chini yake, mguu mmoja wa rezistansi ulikuwa umekatwa. Macho yote yakamgeukia Déborah. Lakini asubuhi ile alikuwa misani, ameketi na mumewe hadi mwisho, kabla mumewe hajamtangulia karakanani, na parokia nzima iliwaona. Jirani yao, Kabedi, alisema wakati huohuo wa misa alisikia jenereta ikinguruma karakanani.

"Umba, weye ni fundi. Hii ampli iliweza kumuua?"

"Hapana, Maman. Ampli yenye haiko ku courant ni sanduku tu. Ni bulozi."

Inspekta hakubishana. Alimwendea Yav, fundi wa simu za reli, akamweleza maneno ya Umba. Yav alikunja uso.

"Fundi wa lampes, hizi taa za kioo, anasema vile? Anadanganya. Kondensa inachunga courant hata ukichomoa. Ukitosha taa, ukizing'oa, hakuna kitu ya kuikunywa. Rezistansi tu njo inaimaliza; ikikatwa, courant inabakia."

Jumatatu, kabla ya maziko, ampli iliwekwa mbele ya ukoo, palepale karakanani.

"Leo asubuhi tuliipa courant ya groupe, ile jenereta, tukaichomoa," Inspekta alisema. "Umba, ni sanduku tu. Gusa kondensa."

Umba akarudi nyuma. "Sigusi kitu ya mufu."

Mama Mbombo, mama mzazi wa Hénoch na Umba, akasimama. Yeye ndiye alikuwa wa kwanza kumwita mkwewe mlozi.

"Miye nitagusa. Baone mutoto yangu hana kosa."

Mkono wa kizee ukaingia ndani polepole. Umba aliuona, akageuza uso ukutani, asiseme neno.

Hakuna kilichotokea. Yav alikuwa ameshaimaliza kondensa nguvu kwa siri.

"Mwenye kuamini ni sanduku angeligusa," alisema Inspekta. "Uliwasha groupe wakati ya misa. Ulitosha taa, ukakata rezistansi, ukapaka rangi tena, ukaijaza ampli courant, ukaichomoa. Sababu gani?"

"Hii atelier iko ya baba yetu!" Umba alipasuka. "Alitaka kumufundisha Priscille, binti yake, achukue nafasi yangu! Mbele ya baclients aliniita mikono ya kuku!"

Mama Mbombo hakuyasikia hayo. Mkono wake ulikuwa bado juu ya kondensa.

"Umba. Uliona naingiza mukono."

"Mama, kama ningesema, bangenijua."

Akautoa mkono, akamzaba kofi, akamwambia Inspekta amfunge. Moyo wake ulikuwa umekufa mara mbili kwa siku mbili.

"Nyumba ikae na batoto ya Hénoch," alisema. Déborah hakuombwa samahani, wala siku ile wala baadaye.