Pumzi za Sanamu

Haya yalimpata rafiki yangu, mwandishi wa programu, mgane kama mimi. Kazi yake ilikuwa kuifanya sanamu ya kufundishia wauguzi ipumue kama mtu. Kompyuta ilichagua kwa bahati nasibu muda wa kungoja kati ya pumzi na pumzi: mara nyingi karibu na wastani, mara chache mbali nao. Sauti yenyewe ilikuwa ya marehemu mkewe. Alimrekodi usingizini, naye akaamka akamtania, "Wewe bwana, hata kulala kwangu umekugeuza kazi?"

Mchana mmoja alikwenda maabara kurekebisha kosa. Alikuwa amesahau kwamba namba zinazochaguliwa hivyo huweza kushuka chini ya sifuri, hivyo pumzi nyingine zilianza kabla ya zilizotangulia kwisha. Akazizuia namba hasi, akaisikiliza sanamu iliyolazwa mezani. Sasa zilikuja moja moja, taratibu. Akabaki kitini, maana nyumbani hakukuwa na mtu.

Umeme ukakatika. Chumba hakikuwa na dirisha, giza likawa totoro. Feni ilinyamaza, kompyuta ikazimika. Pumzi hazikukoma.

"Ulikuwa unajisikia mwenyewe," nilimwambia.

"Nilidhani hivyo, kaka. Nikaziba pua na mdomo."

"Ikawaje?"

"Zikaendelea, pale pale mezani. Basi nikamwita mke wangu kwa jina."

Nilimngoja amalize. Mimi wangu nimemwita mara nyingi, na nyumba haijabadilika.

"Zikasita," alisema, "kama mtu anapozuia pumzi ili asikie vizuri."