Zamu ya Limi Isiyokwisha

Limi alikuwa muuguzi wa chumba cha majeruhi, katika hospitali moja upande wa Geita. Zamu yake iliisha saa nane mchana, lakini haondoki. Akiambiwa aende nyumbani, hujibu, "Na hawa nimwachie nani?" Klara, muuguzi wa zamu ya mchana, amesimama palepale anamsikia. Kwa kweli Limi alichosha watu.

Nyumbani nako hakukukalika. Usingizi hauji, chakula hakipiti. Mumewe, Pantaleo, akiuliza tu chumvi iko wapi, anafokewa.

"Siku hizi kabla sijasema na wewe, natazama kwanza mlango uko wapi," Pantaleo alimwambia.

Siku moja, mwaka 1979, shimo la dhahabu liliporomoka. Wakaletwa wachimbaji saba. Walikuwa wakichimba bila kibali na waliogopa polisi, kwa hiyo hakuna aliyetaja jina lake la kweli. Wawili walijiita Maganga. Siku nyingine Limi angewauliza tena, angetazama na vidonda. Siku hiyo alichoka hata kuuliza. Akajaza penisilini kwenye bomba la sindano, akamshika Maganga mmoja mkono.

Klara akamzuia. "Dada, siye huyo, ni yule Maganga mwingine. Huyu alisema penisilini inamvimbisha koo. Angekufa."

"Unanifundisha kazi?" Limi akamkaripia. Kisha akaiweka sindano chini. Akatoka, akaketi nyuma ya stoo, akalia.

Matroni Philomena, mkuu wa wauguzi, akamfuata.

"Shikamoo, mama," Limi alisema huku akifuta machozi.

"Marahaba, Limi. Mara ya mwisho umelala vizuri lini?"

"Sikumbuki. Nadhani nimekuwa mtu mbaya tu."

"Hapana. Hasira, kukosa usingizi na kusahau ni dalili za uchovu wa kazi. Kila siku unaona damu na vifo, unajikaza. Kujikaza si dawa."

"Lakini nikiondoka, wagonjwa watakufa."

"Leo hukuondoka, na nusura afe mmoja," Philomena alisema. "Kwetu watu wakilima kwa pamoja, aliyechoka humpisha mwenzake. Wewe umeng'ang'ania jembe la kijiji kizima. Klara amesoma chuo kilekile ulichosoma wewe."

Philomena akaendelea.

"Kuanzia kesho, kila majeruhi afungwe plasta yenye namba mkononi. Saa nne kanywe uji. Saa nane pita na Klara kitanda kwa kitanda, mweleze kila mgonjwa, halafu nenda. Siku ya mapumziko, pumzika. Na tukifiwa na mgonjwa, tutakaa pamoja tuzungumze. Usibebe msiba peke yako."

Limi alimwomba Klara radhi. Kesho yake saa nane akamkabidhi wagonjwa wote, akavua aproni. Foleni bado ilikuwa ndefu. Mzee mmoja akamwuliza, "Nesi, unatuacha?"

"Nawaachia Klara, baba. Yeye amelala, mimi sijalala."

Ilimuuma kuondoka. Njia nzima alijilaumu. Hata hivyo alikula, akalala mpaka Pantaleo akaanza kuwa na wasiwasi.

Asubuhi akaingia kazini mbio mbio. "Wagonjwa wangu wanaendeleaje?"

"Wote wazima," Klara, aliyekuja mapema ili kumpa habari, alijibu. "Na hakuna hata mmoja aliyekuulizia."

Limi alimkazia macho. Kisha akacheka, akacheka mpaka akashika meza. Wenzake wakatazamana, maana walikuwa wamesahau kwamba Limi hucheka.