Ufunguo Nyuma ya Pipa

Siku Babu Poten alipofariki, hakuna aliyeuliza kama mlango wa jikoni umefungwa. Kila jioni kabla ya kula, Babu aliuliza kutoka kwenye kiti chake, "Ningning, umefunga?" Nami nilijibu, "Nimefunga, Babu," kisha nikakimbia kwenda kufunga. Jioni ile niliosha mchele, nikapanga sahani tatu badala ya mbili, na mlango ukabaki wazi.

Kwa siku nne zilizofuata haukufungwa kabisa. Jeneza lilikaa sebuleni, na mtaa mzima wa Sampaga ukahamia kwetu. Uani watu walicheza karata ili marehemu asiachwe peke yake. Mzee Kulas, jirani yetu na rafiki wa Babu tangu utoto, alileta masufuria yake matatu makubwa akawa anapika uji wa kuku. Mimi, mwenye miaka kumi na mmoja, niligawa biskuti na chai ya tangawizi. Nilijiona mwenye nyumba.

Siku ya nne, mchana, kwenye meza ya karata alikaa mwanamume mwenye shati la mistari. Sikumjua. Kwetu, mgeni wa msibani haulizwi ametoka wapi.

"Mwenyeji mdogo," aliniita, "kesho mnazika saa ngapi?"

"Saa mbili asubuhi."

"Na nyumba anabaki nayo nani?"

"Hakuna. Tunaenda wote. Halafu tunapitia mjini kula. Ukitoka makaburini huendi nyumbani moja kwa moja, marehemu asije akakufuata."

"Mila ni mila. Sasa mtu akitangulia kurudi aoshe vyombo, ataingilia wapi?"

Nilicheka. Nilitaka ajue kwamba hakuna jambo la nyumba ile lililonipita. "Ufunguo uko kwenye msumari nyuma ya pipa la maji. Babu aliuweka hapo kabla sijazaliwa."

"Una akili wewe," alisema, akachukua biskuti mbili.

Kesho yake tulimzika Babu. Tulikula mjini, tukarudi alasiri. Mlango wa jikoni ulikuwa umefungwa kama tulivyouacha, ufunguo ukining'inia kwenye msumari wake. Ndani, cherehani ya Bibi Sion haikuwepo. Sare za wanafunzi alizokuwa akishona zilikuwa zimekunjwa vizuri na kuwekwa sakafuni.

Mjomba Ambo, aliyekuja kutoka mjini kumzika baba yake, alizunguka nyumba yote. "Aliyeingia anaijua nyumba hii," alisema. "Nani alibaki nyuma asubuhi?"

Sote tulijua kwamba Mzee Kulas alibaki uani kuosha masufuria, na kwamba alifika makaburini amechelewa, jasho likimtiririka.

Mzee Kulas alikuwa amesimama pale pale mlangoni. "Ambo," alisema, "nitazame usoni, halafu useme."

Mjomba alitazama sakafu.

Mzee Kulas alienda uani. Alibeba sufuria la kwanza akalipeleka kwake, akarudi kuchukua la pili, akarudi tena kuchukua la tatu. Hakuna aliyemsaidia. Mimi nilikuwa nimesimama kando ya pipa, na sikumsaidia.

Tangu siku hiyo Mjomba alianza kutulinda. Alipigilia misumari madirisha yote. Alitia mnyororo getini na kupanga vipande vya chupa juu ya ukuta. Majirani walipokuja kwa sala za siku tisa za kumwombea Babu, aliwauliza kutoka ndani, "Nani? Mko wangapi? Huyo wa nyuma ni nani?"

"Ni mimi, Pacing, niliyekupakata ulipokuwa mtoto!" mama mmoja alifoka. "Unataka nilete cheti cha kuzaliwa?"

Watu walichoka. Siku ya tatu tulisali sisi watatu tu, ndani ya nyumba yenye joto kama tanuri.

"Nilifiwa na mume mmoja, Ambo," Bibi alisema tulipokaa kula. "Wewe umeniondolea mtaa mzima."

"Mama, unataka tuibiwe tena?"

"Nataka Kulas aje. Miaka arobaini hajakosa kuja."

Nilitazama kiti cha Babu. "Bibi," nilisema, "ni mimi niliyesema."

"Ulisema nini?"

Nikawaeleza yote: shati la mistari, saa ya mazishi, mahali pa kula, msumari. Nilidhani Mjomba atanipiga. Aliweka kijiko chini, akafunika uso kwa mikono.

Bibi alisimama. "Vaa viatu," aliniambia. "Na wewe pia, Ambo."

Tulimkuta Mzee Kulas akinoa panga. Nilichukua mkono wake nikaugusisha kwenye paji la uso wangu kwa heshima, lakini sikuweza kumtazama. "Mzee, nilimwambia mtu ufunguo ulipo. Nikanyamaza ukibeba masufuria yako."

"Nami nilikudhania vibaya, Mzee," Mjomba alisema. Safari hii alimtazama.

Mzee Kulas aliweka panga chini. "Cherehani ile!" alisema. "Kwa kiuno hiki ningefika nayo wapi? Nilichelewa kwa sababu nilikuwa napiga pasi shati. Poten hakupenda kuniona nimekunjamana."

Bibi alicheka, kisha akalia. Hakuwa amelia mbele yetu tangu msiba uanze.

Kesho yake nilienda na Mjomba ofisi ya mtaa, nikaeleza sura ya yule mtu. Tuliporudi, Mzee Kulas alikuwa tayari dirishani na nyundo, anang'oa misumari. Alasiri alitia kufuli jipya lenye funguo mbili, na Mjomba akaufungua mnyororo wa geti.

"Sikilizeni," Bibi alisema. "Kufunga mlango si kuwaogopa watu. Ufunguo haukai mahali panapojulikana na kila mtu. Safari ya nyumba anaambiwa jirani mmoja, haitangazwi mezani. Siku ya mazishi abaki mtu mmoja, marehemu hatakasirika. Lakini ukipigilia misumari hata madirisha, mwizi amekuchukulia na vile alivyoviacha." Kisha akanigeukia. "Nawe, Ningning, kusema ovyo ulikosea kama mtoto. Kunyamaza mwenzako akibebeshwa kosa lako, hilo usilirudie hata ukiwa mkubwa."

"Ndiyo, Bibi."

Siku ya tisa uani hapakuwa na nafasi ya kukaa. Mzee Kulas alileta masufuria yake. Baada ya sala niliyaosha yote matatu na kumrudishia mwenyewe.

Mjomba alirudi mjini, na cherehani haijapatikana. Bibi hushona kwa ile ya kuazima ya mama Pacing. Ufunguo mmoja anao Bibi, wa pili anao Mzee Kulas. Jioni nafunga mlango wa jikoni kwanza, ndipo napanga sahani mbili.